Fomu Haikuuona Waya

Kwa miaka sita nilikuwa afisa usalama wa kiwanda kimoja kando ya Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam, ile ambayo wenyeji bado tunaiita Pugu Road. Zana zangu zilikuwa kofia nyeupe, kalamu ya bluu na fomu ya kurasa nne. Kila baada ya miezi mitatu nilipita mashine kwa mashine nikiweka alama ya vema. Mashine ina kinga? Vema. Mtungi wa kuzimia moto umekaguliwa? Vema. Njia ya dharura iko wazi? Hapo nilikuwa nawaita vijana wahamishe katoni kwanza, halafu vema.

Mashine namba 4 ilikuwa ya kufungasha. Nailoni inashuka kutoka juu, bidhaa inaangukia ndani, taya mbili za moto zinabana na kukata, mfuko unadondoka. Mbele ya taya pana mlango wa plastiki ngumu wenye swichi: ukiufungua, mashine inazima. Ndiyo kinga yenyewe, na ni kinga nzuri. Tabu ilikuwa nailoni kukwama. Kwa zamu ya saa kumi na mbili ilikwama kama mara thelathini, na kila ikikwama unafungua mlango, unachomoa, unafunga, unasubiri taya zipate moto upya. Dakika mbili. Mara thelathini, saa nzima imekwenda. Tageti ya zamu ilikuwa katoni 1,200, yaani mia kwa saa, hivyo aliyefuata utaratibu alimaliza zamu na katoni 1,100 na maelezo mengi.

Basi mtu akachukua kipande cha bainding waya, akaikaza swichi ibaki imebonyea. Mlango ukawa unafunguliwa na mashine inaendelea kutafuna. Siku za ukaguzi waya ulitolewa. Sitasema sikujua. Nilijua kwa namna mtu anavyojua jambo asilotaka kuulizwa.

Alfajiri moja, saa kumi na nusu hivi, kijana wa zamu ya usiku alitia mkono kuchomoa nailoni na taya zikambana. Vidole viwili vya mkono wa kulia. Taarifa niliyoiandika siku ile naikumbuka hadi leo: "Chanzo cha ajali: uzembe wa mfanyakazi. Hatua iliyochukuliwa: wafanyakazi wamekumbushwa kufuata utaratibu." Mwandiko wangu, sahihi yangu.

Siku ya tatu nilimfuata hospitali na juisi ya boksi. Nikamuuliza, mdogo wangu, kwa nini usingeacha mlango uzime mashine? Akaniangalia kama nimemuuliza kwa nini anakula. "Kaka, juzi yake waya ulikatika, nikatoa katoni elfu moja na hamsini. Nikitoa hivyo mara mbili, getini siitwi."

Aliyewahi kupita barabara ile alfajiri anajua geti maana yake nini. Kabla ya zamu kuanza wanakuwepo watu mia, mia na hamsini, wengine wamekalia mawe, wengine wanakunywa uji wa mama mmoja mwenye ndoo. Msimamizi anatoka na daftari. Ataita majina, au atanyoosha kidole tu: wewe, wewe, na wewe mwenye fulana nyekundu. Hao wanaingia. Waliobaki wanangoja kidogo, labda kuna atakayerudishwa kwa kunuka pombe, kisha wanatawanyika kimya kimya. Kibarua anaweza kumaliza miaka mitatu kiwandani na kila siku akawa ndiyo anaomba kazi upya. Kijana yule alikuwa na mwaka na nusu.

Fomu yangu ilikuwa na maswali arobaini na kitu. Hakuna hata moja lililouliza habari za geti. Geti lilikuwa la idara ya utumishi, kinga ya mashine ilikuwa yangu, tageti ilikuwa ya idara ya uzalishaji, na sote watatu tulikutana mara moja kwa mwezi kwenye kikao cha menejimenti tukapeana pongezi. Mtu pekee aliyekutana na mambo hayo matatu kwa mpigo, saa kumi na nusu alfajiri, ni aliyetia mkono.

Nimekaa kwenye semina nyingi za tathmini ya vihatarishi. Mpangilio wake unajulikana: vihatarishi vya kimwili, vya kikemikali, vya kibayolojia, vya mkao na unyanyuaji mizigo, na mwisho kabisa, zikiwa zimebaki dakika kumi watu wakale, vihatarishi vya kisaikolojia. Mwezeshaji anasoma haraka haraka: msongo, unyanyasaji, kazi nyingi kupita kiasi, mna swali? Hakuna mwenye swali, pilau imeshanukia. Hoja yangu ni kwamba ukurasa ule ulipaswa kufunguliwa asubuhi. Sehemu kubwa ya hatari za mwili mahali pa kazi zimeshadhibitiwa na mtu aliyetengeneza mashine, na zinafunguliwa tena na mtu mwenye haraka, mwenye usingizi au mwenye hofu. Ukitathmini mashine bila kutathmini haraka, usingizi na hofu, umetathmini mashine ikiwa imezimwa.

Sheria wala haina kosa hapa. Mkataba Namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, ILO, wa mwaka 1981, unaitafsiri afya kazini kuwa ni pamoja na mambo ya mwili na ya akili yanayohusiana moja kwa moja na usalama wa kazi. Akili imo kwenye karatasi kwa zaidi ya miaka arobaini. Tanzania tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Namba 5 ya mwaka 2003 na wakala wa kuisimamia, OSHA. Kenya wana yao ya mwaka 2007, inayomtaka mwenye eneo la kazi afanye tathmini ya hatari na kuchukua hatua kutokana na alichokikuta. Juni 2022 ILO ikaenda mbali zaidi, ikaweka mazingira salama na yenye afya miongoni mwa haki za msingi kazini. Kinachokosekana ni macho ya kuiona hofu kama tunavyouona waya wa umeme uliochubuka.

Mfano ninaourudia kila ninapopewa nafasi ya kusema ni wa Savar, nje kidogo ya Dhaka, Bangladesh. Aprili 23, 2013, nyufa kubwa zilionekana kwenye jengo la ghorofa nane liitwalo Rana Plaza. Mhandisi akaletwa, akasema jengo si salama. Kwa maneno mengine, tathmini ya hatari ilifanyika, na ilikuwa sahihi. Chini ya jengo lile palikuwa na tawi la benki na maduka; juu palikuwa na viwanda vya kushona nguo. Kesho yake watu wa benki hawakuja kazini. Maduka yakafungwa. Washonaji waliitwa wapande juu, wengine wakitishiwa kukatwa mshahara. Kabla ya saa tatu asubuhi jengo lilikuwa limeshaporomoka, na hesabu ya mwisho ya waliokufa ilikuwa 1,134.

Ukuta ni mmoja, ufa ni mmoja, taarifa ya mhandisi ni moja. Karani wa benki alikaa nyumbani, mshonaji akapanda ngazi. Tofauti yao haikuwemo kwenye zege. Ilikuwa kwenye uwezo wa kusema "leo siji" na kesho ukawa bado na kazi. Sasa niambie, kwenye fomu ya ukaguzi wa jengo, kipengele hicho kingeandikwa wapi?

Kuna watu watasema huo ni umaskini, si suala la usalama kazini, na kwamba mambo ya saikolojia ni ya wenye ofisi za viyoyozi. Imani hii nimeikuta kila mahali, hata kwa vibarua wenyewe: presha ni ugonjwa wa mabosi. Uingereza nao waliamini hivyo hivyo. Mwaka 1967 watafiti walianza kufuatilia afya ya watumishi wa serikali wanaume zaidi ya 17,000 jijini London, watu wa ofisi za Whitehall, wote wana ajira ya kudumu, wote wanatibiwa bure. Wangetarajia makatibu wakuu ndio waanguke kwa moyo, kwa majukumu yale. Ikawa kinyume. Matarishi na walinda milango, ngazi ya chini kabisa, walikuwa wanakufa kwa kiwango cha karibu mara tatu ya wale wa juu. Sigara, shinikizo la damu na mengine yaliyozoeleka yalieleza sehemu tu ya pengo hilo.

Utafiti wa pili, ulioanza mwaka 1985 chini ya Michael Marmot na kuwajumuisha wanawake, ulichimba zaidi, na moja ya mambo uliyoyakuta ni kwamba mtu asiye na mamlaka juu ya kazi yake mwenyewe, asiyeamua aanze na lipi, kwa kasi gani, apumzike saa ngapi, yuko katika hatari kubwa zaidi ya ugonjwa wa moyo. Mmarekani Robert Karasek alishalisema kwa njia nyingine mwaka 1979: kinachomla mtu ni kudaiwa mengi huku ukiwa huna la kuamua. Bosi anadaiwa mengi, ndiyo, lakini anaamua. Tarishi hadaiwi mengi labda, ila kila dakika yake ni ya mtu mwingine. Ukitaka kumwona anayedaiwa mengi na haamui lolote, panda daladala. Dereva deiwaka, yaani wa kushikia gari kwa siku, ana hesabu ya tajiri ya kupeleka jioni. Mafuta, foleni na faini za trafiki havipunguzi hesabu hiyo hata shilingi. Abiria wanamwita mkorofi. Akigonga, gazeti litaandika "mwendo kasi na uzembe wa dereva", maneno yale yale niliyoyaandika mimi.

Usingizi nao. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani, WHO, na ILO walitoa makadirio ya pamoja: kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kunahusishwa na vifo 745,000 vya kiharusi na ugonjwa wa moyo katika mwaka 2016 pekee. Ukilinganisha na anayefanya saa 35 hadi 40, hatari ya kupata kiharusi inapanda kwa asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kwa asilimia 17. Chukua tarakimu hizo ukaziweke mbele ya mlinzi wa usiku wa jengo lolote mjini. Anaingia saa kumi na mbili jioni, anatoka saa kumi na mbili asubuhi, siku sita kwa wiki akiwa na bahati: saa 72. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 kwa wiki na saa za ziada zisizozidi 50 katika wiki nne, maana yake kwa wastani asizidi 57 na nusu. Mkaguzi akija atakagua tochi, filimbi, buti na koti la mvua. Koti lipo. Vema.

Niseme kidogo kuhusu namna tunavyopiga hesabu zenyewe, kwa sababu walio nje ya kazi hii hudhani ni sayansi ngumu. Unachukua uwezekano wa tukio, kuanzia moja hadi tano, unazidisha na ukubwa wa madhara, nao moja hadi tano. Ukipata 20 au 25 ni nyekundu, kazi isimame. Ukipata 10 ni njano. Chini ya hapo kijani. Siri ya jikoni ni kwamba mara nyingi rangi ndiyo inayochaguliwa kwanza. Meneja anajua nyekundu itasimamisha mtambo, kwa hiyo mnakaa mezani mnajadiliana: jamani, uwezekano kweli ni nne? Si mbili hii? Haijawahi kutokea hapa. Inakuwa mbili. Mbili mara tano ni kumi, njano, tuendelee na kikao. Mimi mwenyewe mashine namba 4 niliipa mbili. Kinga ilikuwepo.

Na huko "haijawahi kutokea hapa" kunatokana na nini? Kunatokana na daftari la matukio ya nusura kuwa jeupe. Nusura ni pale nyundo inapodondoka kutoka juu na kutua hatua moja kando ya mtu. Hakuna aliyeumia, lakini mwenye akili anapaswa kuiandika. Kiwandani kwetu daftari lilikaa mwaka mzima na matukio matatu, moja likiwa la nyoka. Tulijisifu. Mlangoni palikuwa na ubao: SIKU 212 BILA AJALI. Ikifika 250 kila mtu angepata fulana na soda, zamu nzima. Kwa hiyo aliyechubuka kidole alikifunga kitambaa akanyamaza, maana nani anataka kuwa mtu aliyewanyima wenzake fulana? Siku hizi nikikuta kiwanda chenye watu mia tatu na nusura sifuri, ninaanza kuuliza msimamizi anaongea vipi na watu. Sifuri ile inapima kimya. Mficha maradhi kifo humfichua, wazee walisema, ila mahali pa kazi anayeyaficha maradhi mara nyingi amepewa zawadi ayafiche.

Sasa tuje kwenye dawa zinazotolewa. Kwenye usalama wa mwili tuna ngazi inayofundishwa kila mahali, na ni nzuri. Kwanza iondoe hatari yenyewe. Kama haiwezekani, weka kitu kingine badala yake. Kisha itenge kwa kinga ya kihandisi, kisha badili taratibu za kazi, na mwisho kabisa, vyote hivyo vikishafanyika na hatari bado ikabaki, mpe mtu kofia na glavu. Kofia ni ya mwisho kwa sababu haiondoi tofali linaloanguka. Inaomba tu tofali likifika kichwani mtu asife. Mkaguzi akikuta mwajiri ametoa kofia bila kuzuia matofali atamwandikia.

Ila likija suala la akili ngazi yote inapinduliwa kichwa chini. Mtu anafanya kazi ya watu wawili kwa miezi minane, meneja anamtukana kwenye grupu la WhatsApp saa nne usiku, halafu kampuni inaleta mtaalamu kwa saa mbili kufundisha jinsi ya kupumua na kudhibiti msongo wa mawazo. Oktoba 10, Siku ya Afya ya Akili Duniani, keki na fulana za kijani. Namba ya simu ya mshauri nasaha ukutani. Sidharau ushauri nasaha. Umeokoa watu ninaowafahamu. Lakini hiyo ni kofia. Tumempa mtu kofia ya akili na matofali yanaendelea kudondoka, na akipasuka tunasema hakuivaa vizuri, hana ustahimilivu.

Mfano wa tofali lenyewe kufikishwa mahakamani uko Ufaransa. Kampuni ya simu ya France Télécom, katika miaka ya 2000, ilitaka watu 22,000 waondoke, na wafanyakazi wake wengi walikuwa bado na hadhi ya utumishi wa umma, wasiofukuzika kirahisi. Mkuu wake, Didier Lombard, aliwaambia mameneja mwaka 2006 kwamba watu wataondoka, iwe kwa mlangoni au dirishani. Watu wakahamishwa ovyo, wakanyang'anywa kazi, wakapewa malengo yasiyofikika, na wafanyakazi kadhaa wakajiua. Desemba 2019 mahakama ya Paris ilimtia hatiani yeye na wenzake kwa unyanyasaji wa kisaikolojia uliofanywa kwa mfumo wa uongozi wenyewe, na kampuni ikapigwa faini ya euro 75,000. Januari 2025 mahakama ya juu ya rufani ikathibitisha kwamba sera ya kampuni inaweza yenyewe kuwa unyanyasaji, bila hata kumtaja mfanyakazi mmoja mmoja. Euro 75,000 kwa kampuni ya ukubwa ule ni hela ya chai. Kilicho kizito ni mahali mahakama ilipotazama: haikuchunguza vichwa vya marehemu, ilisoma mpango kazi.

Na wala tusiende mbali. Nairobi wapo vijana waliokuwa wakikaa mbele ya kompyuta kuchuja video na picha za Facebook ili wewe na mimi tusikutane nazo: watu wakichinjwa, watoto wakifanyiwa yasiyosemeka. Walikuwa wameajiriwa na kampuni ya Sama kwa niaba ya Meta, wenye Facebook. Daniel Motaung, aliyetoka Afrika Kusini kuja kufanya kazi hiyo, alifungua kesi mwaka 2022. Mwaka uliofuata wakaja wengine zaidi ya 180. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya ilikataa hoja ya Meta kwamba haishitakiki nchini humo. Desemba mwaka huo nyaraka zilizowasilishwa mahakamani zilionyesha kuwa zaidi ya 140 kati yao walipimwa na kukutwa na ugonjwa wa akili unaotokana na kiwewe, ule ambao tumezoea kuusikia kwa askari waliotoka vitani. Kampuni zimeyapinga madai na kesi ni ya mahakama kuamua. Mimi nazitazama kwa jicho la fomu yangu tu. Ofisi ile ingepita ukaguzi wangu. Viti vina mgongo, taa zinatosha, nyaya zimefunikwa, mtungi wa moto upo. Mashine ya hatari ilikuwa kazi yenyewe, ikimtafuna mtu bila kumgusa.

Waajiri ninaozungumza nao wana pingamizi moja wanalolipenda: akili haipimiki, ukifungua mlango huo kila mvivu atasema ana msongo. Hata kelele nazo ziliwahi kuwa hivyo. Zamani mafundi wa maboila walizeeka wakiwa viziwi na watu wakaona ni sehemu ya ufundi. Ilipokuja mashine ya kupima desibeli tukajua kwamba juu ya 85 kwa zamu nzima sikio linaharibika, na leo hakuna anayesema mfanyakazi anasingizia kelele. Na kwenye hili la akili hatuhitaji hata kuingia kichwani mwa mtu. Mamlaka ya usalama kazini ya Uingereza, HSE, tangu mwaka 2004 inawaambia waajiri waangalie mambo sita, yote ya nje: madai ya kazi, mamlaka ya mtu juu ya kazi yake, msaada anaopata, mahusiano, kama anajua anachotakiwa kufanya, na namna mabadiliko yanavyoletwa. Hayo yote yana karatasi. Saa zimo kwenye daftari la mahudhurio. Tageti imo ukutani. Waliohama idara ya meneja fulani wanahesabika. Kwa anayeona gharama, WHO inakadiria siku za kazi bilioni 12 hupotea kila mwaka duniani kwa sonona na wasiwasi, hasara ya takriban dola trilioni moja, ingawa kusema kweli mwajiri wa Pugu Road hajawahi kushtushwa na trilioni ya dunia. Anashtushwa na mashine namba 4 kusimama.

Kwa hiyo ninapoitwa siku hizi kufanya tathmini, fomu naiacha kwenye gari kwa saa ya kwanza. Nakwenda getini. Nauliza nani anaamua nani aingie, na anaamua kwa kuangalia nini. Pale ambapo wamekubali kutoa orodha ya zamu ya wiki nzima badala ya kunyoosha kidole kila alfajiri, nimeona daftari la nusura likianza kujaa, na meneja akaja juu kwamba usalama umeshuka. Ikabidi nimkalishe chini. Kisha namtafuta msimamizi wa zamu, maana huyo naye husahaulika. Ametoka humo humo getini, ana tageti yake, na ukimwambia asimamishe mashine atakuuliza nani atamtetea kwenye kikao cha asubuhi. Mwisho naingia ndani, saa tisa au saa kumi usiku ikiwezekana, saa ambazo wakaguzi hawaji.

Kuhusu mashine namba 4, nilirudi kuichunguza ajali ile wiki mbili baadaye, kwa siri kidogo, nikiwa nimeshaipeleka taarifa yangu ya uzembe. Nilikuwa natafuta waya ulitoka wapi. Mtunza stoo alinifungulia leja: tarehe, bidhaa, kiasi, matumizi, sahihi ya aliyeidhinisha. Ilikuwemo. Bainding waya, mita moja, mashine namba 4, matengenezo, na sahihi ya msimamizi wa zamu. Nikailinganisha tarehe na matangazo ya ubaoni. Waya ulitolewa siku tatu baada ya tageti kupandishwa kutoka katoni 1,000 hadi 1,200.